Chumvi Inapopanda Majini: Mwongozo Kamili wa Kupima Mwitikio wa Mwani wa Maji Baridi

Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupita katika Bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, hunywesha mashamba ya umwagiliaji, huzungusha mitambo ya umeme, kisha hubeba kilichobaki hadi Bahari ya Hindi. Kilichobaki kikiwa kidogo, hasa wakati wa kiangazi, bahari hupata nafasi ya kupanda mtoni kila maji yanapojaa, na wakazi wa kando ya mto huitambua hali hiyo kwa ulimi kabla ya kipimo chochote kufika. Samaki anaweza kuogelea kuelekea juu. Seli ya mwani yenye upana wa maikromita chache hupokea maji yoyote yanayoletwa, na inachokifanya katika saa chache zinazofuata ndicho kinachoamua kama itagawanyika tena au itakufa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuupima mwitikio huo kwa vifaa vya maabara ya kawaida ya chuo, na sehemu kubwa yake inawezekana hata katika sekondari yenye hadubini nzuri. Jambo moja linauongoza kuanzia mwanzo hadi mwisho: chumvi hupiga seli mapigo mawili, kila pigo lina saa yake, na mpimaji asiyejua anapima katika saa ipi atapata jibu sahihi la swali ambalo hakuliuliza.

Hatua ya 1: Yajue mapigo mawili kabla ya kugusa kifaa

Pigo la kwanza ni la maji. Ndani ya seli ya mwani wa maji baridi mna viyeyuko vingi kuliko nje, kwa hiyo maji huingia yenyewe kwa osmosisi na kuitunisha seli hadi ukuta wake unakaza kama tairi lililojaa upepo. Chlamydomonas, ambaye ni mwani wa seli moja mwenye mikia miwili, ana vakuoli mbili ndogo karibu na shina la mikia hiyo zinazobana na kulegea kila baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi, zikitema maji ya ziada. Ukiongeza chumvi nje, mwelekeo hubadilika. Milimola 100 (karibu gramu 5.8) za kloridi ya sodiamu katika lita moja ya maji huleta kanieneo ya osmosisi inayokaribia mara tano ya kanieneo ya hewa, na katika muda wa sekunde hadi dakika chache seli hunywea, vakuoli hupunguza mwendo au husimama kabisa, na chumvi ikiwa kali zaidi utando hujibandua kutoka kwenye ukuta.

Pigo la pili ni la ioni, nalo huja polepole. Sodiamu na kloridi hupenya utando na kujikusanya ndani, huku potasiamu ikivuja kutoka. Vimeng'enya vingi vya seli vinahitaji potasiamu ili vifanye kazi, na sodiamu inapoikalia nafasi yake kazi huharibika. Usanisinuru huumia pia: mtambo wa pili wa kunasa nuru, ambao hata katika siku njema huharibiwa na mwanga na kutengenezwa upya mfululizo, huanza kuharibika haraka kuliko unavyotengenezwa. Nishati ya nuru isiyopata pa kwenda huangukia kwenye oksijeni na kuzaa aina kali za oksijeni zinazounguza mafuta ya utando, protini na hata vinasaba.

Seli haikai kimya. Katika dakika za mwanzo hutumia pampu zake kusukuma protoni nje, kisha huziacha protoni zirudi ndani kwa sharti kwamba kila moja ibadilishane na sodiamu inayotoka. Kazi hiyo inakula nishati, ndiyo maana upumuaji mara nyingi hupanda wakati usanisinuru unashuka. Katika saa zinazofuata seli hutengeneza molekuli ndogo zisizodhuru protini, ambazo kazi yake ni kurudisha maji ndani bila kutegemea sodiamu. Katika mwongozo huu nitaziita viyeyuko vya kinga. Aina hutofautiana kwa ukoo. Chlorella, mwani mwingine wa kijani wa seli moja, hujulikana kwa prolini (aina ya asidi amino) na sukari, Chlamydomonas hutengeneza gliseroli, sianobakteria (bakteria wanaofanya usanisinuru) wengi wa maji baridi hutegemea sukrosi na trehalosi, na Synechocystis, ambaye huvumilia chumvi nyingi zaidi, hutumia glukosili-gliseroli. Sambamba na hayo, vimeng'enya vinavyozima oksijeni kali, kama vile katalasi na dismutasi ya superoksidi, huongezeka.

Baada ya siku moja au mbili matokeo yanaonekana kwa wingi wa seli: ugawanyikaji umepungua au umesimama, seli zimekuwa kubwa au zimeshikana katika makundi yenye ute, klorofili imepungua, na kaboni iliyopaswa kujenga seli mpya imewekwa akiba kama wanga au mafuta. Wengine hukosea hapa wakadhani kwamba mafuta yakiongezeka mwani umefurahi. La hasha, ni kaboni iliyokosa kazi.

Hatua ya 2: Amua ni chumvi ipi unayoiuliza

Neno chumvi lina mitego. Chumvi ya mezani imetiwa madini ya joto na mara nyingi dawa ya kuzuia kugandamana, kwa hiyo haifai kwa kazi hii. Ukitaka kujua athari ya sodiamu na kloridi peke yake, tumia kloridi ya sodiamu safi ya maabara. Lakini kama swali lako ni la mto unaoingiliwa na bahari, kloridi safi itakudanganya kwa upande mwingine, kwa sababu maji ya bahari yana magnesi, salfeti, potasiamu na kalsiamu pia, na kalsiamu hupunguza makali ya sodiamu kwa kuimarisha utando na kuzuia sodiamu isiingie kwa wingi. Kwa swali hilo chota maji ya bahari safi mbali na mlango wa mto, yachuje, kisha uyazimue. Sehemu moja ya bahari yenye gramu 35 kwa lita, ikichanganywa na sehemu tisa za maji baridi, hukupa takriban gramu 3.5 kwa lita.

Ziwa Nakuru, Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni habari nyingine kabisa. Chumvi yao ni ya kabonati na bikabonati, na ualkali wa maji yake, ule wa pH inayozunguka 10, ni mzigo tofauti na ukolezi wa chumvi. Arthrospira fusiformis anayelisha heroe wadogo hustawi humo; tangu miaka ya 2010, maji ya Nakuru yalipopanda na chumvi ikazimuka, ndiye aliyepungua. Usichukue matokeo ya kloridi ukayahamishia huko.

Hatua ya 3: Pata mwani ulio safi

Kwa anayeanza napendekeza Chlorella vulgaris. Hukua haraka, hauna mikia ya kusumbua wakati wa kuhesabu, na una ukuta imara unaoustahimilisha mikosi ya mwanafunzi. Udhaifu wake ni kwamba hauna vakuoli za kutazama zikibana, kwa hiyo anayetaka kuona pigo la kwanza kwa macho yake aandae pia chupa moja ya Chlamydomonas.

Omba mbegu, yaani mwani hai wa kuanzia, kutoka maabara ya chuo kinachotunza mwani badala ya kuuchota ziwani. Nyavu za planktoni zenye matundu ya maikromita 20 huupitisha Chlorella bila kuugusa, na maji ghafi ya ziwa huja na bakteria na wanyama wadogo watakaoitafuna hesabu yako. Kama huna njia nyingine, chora mistari ya sampuli juu ya agari mara kadhaa, ukichagua kila mara kundi moja la kijani lililo peke yake.

Uchaguzi wa maji ya lishe una jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Mchanganyiko unaoitwa BG-11 una gramu 1.5 za nitrati ya sodiamu kwa lita, yaani karibu milimola 18 za sodiamu kabla hujaongeza hata chembe ya chumvi. Mchanganyiko wa Bold una gramu 0.25 tu, karibu milimola 3. Kwa jaribio la chumvi tumia wa Bold, na uandike kiasi cha sodiamu kilichomo hata katika chupa unayoiita isiyo na chumvi. Kwa kulinganisha, maji ya Ziwa Victoria hupitisha umeme, ambao huongezeka kadiri chumvi inavyozidi majini, kwa takriban maikrosimensi 100 tu kwa sentimita. Mwani wa huko umezoea maji membamba kuliko lishe yoyote ya maabara.

Chemsha lishe na vyombo katika otoklevu, au katika sufuria ya presha kwa dakika 20 ikiwa otoklevu haipo. Kuza mbegu kwa siku nne hadi tano mpaka iwe katika kipindi cha kukua kwa kasi. Mbegu iliyozeeka ina wanga na viyeyuko vilivyorundikana, nayo itaonekana kuvumilia chumvi kuliko ilivyo kweli.

Hatua ya 4: Andaa viwango vya chumvi bila kuzimua lishe

Viwango vitano vinatosha kuonyesha mwelekeo: sifuri, na milimola 25, 50, 100 na 200 kwa lita. Kwa gramu, vinne hivyo vya mwisho ni 1.46, 2.92, 5.84 na 11.69 kwa lita. Kila kiwango kiwe na fleski tatu.

Kosa la kawaida ni kutengeneza myeyusho mkali wa chumvi kwa maji matupu. Ukitia mililita 10 za myeyusho huo katika fleski ya mililita 100, umeongeza chumvi lakini umepunguza nitrojeni na fosforasi kwa sehemu moja ya kumi, na hutajua kilichodhoofisha mwani ni kipi. Yeyusha chumvi ndani ya lishe yenyewe: gramu 11.69 katika lishe hadi ifike mililita 100 hukupa myeyusho wa mola 2. Kutoka hapo, mililita 1.25, 2.5, 5 na 10 ndizo zitakazoleta viwango vinne vilivyotajwa katika fleski ya mililita 100. Ongeza mililita 10 za mbegu yenye seli milioni moja kwa mililita, ujazie kwa lishe ya kawaida, na kila fleski itaanza na seli 100,000 kwa mililita.

Sasa ongeza kundi ambalo wengi huliacha, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloifanya kazi yote iwe na maana. Tayarisha fleski tatu zenye sorbitoli badala ya chumvi, kwa ukolezi wa milimola 186 kwa lita. Kiasi hicho kinavuta maji sawasawa na milimola 100 za kloridi ya sodiamu, kwa kuwa kila chembe ya chumvi hugawanyika kuwa ioni mbili ambazo kwa vitendo hufanya kazi kidogo pungufu ya mbili. Sorbitoli hukausha seli bila kuleta sodiamu. Kama seli zilizo katika sorbitoli zinakua karibu sawa na zisizo na chumvi huku zilizo katika chumvi zikidumaa, basi lililoumiza ni pigo la pili. Zikidumaa zote mbili kwa kiasi kimoja, lawama ni ya maji. Tahadhari ni moja: bakteria hupenda sorbitoli, kwa hiyo mbegu chafu itageuza fleski hizo kuwa uji katika siku mbili.

Pima upitishaji umeme wa kila fleski mwanzoni na mwishoni, ukiwa umesawazisha kipimo kwa myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa mola 0.01, ambao kwa nyuzi 25 husoma milisimensi 1.413 kwa sentimita. Fleski zisizozibwa vizuri hupoteza maji kwa mvuke, na chumvi hupanda yenyewe bila mwenyewe kuwa na habari.

Hatua ya 5: Mazingira na ratiba

Weka fleski kwenye nyuzi 25, chini ya taa zenye mwanga wa maikromola 60 hadi 100 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde, saa 12 za mwanga na 12 za giza. Tikisa kwa mkono asubuhi, mchana na jioni, na uzibadilishe nafasi kila siku kwa sababu hakuna rafu yenye mwanga sawa kila kona.

Ratiba ifuate saa za mapigo: chukua sampuli katika dakika ya 10, saa ya 1, saa ya 6, saa ya 24, kisha kila siku hadi siku ya saba. Sampuli za saa za mwanzo ni za hadubini, oksijeni na viyeyuko vya kinga. Sampuli za siku ni za hesabu ya seli na rangi. Anza jaribio mwanga unapowashwa, la sivyo saa ya sita itaangukia gizani na usanisinuru utausoma kuwa umekufa wakati umelala tu.

Hatua ya 6: Hesabu seli kwa macho, usikiamini kivuli chake

Njia nyepesi ya kufuatilia ukuaji ni kupima jinsi mwani unavyozuia mwanga wa nanomita 750 katika spektrofotometa. Kwa mwani usio na shida njia hiyo ni nzuri. Kwa mwani ulio chumvini ni mtego, na nasema hivyo kwa uchungu wa aliyenaswa: niliwahi kufuatilia fleski za milimola 100 kwa wiki nzima nikishangilia mkunjo uliopanda vizuri, mpaka nilipoweka tone chini ya hadubini na kukuta seli chache zilizovimba, zimejaa wanga na kushikana kwa ute. Seli iliyonywea, iliyovimba au iliyojaa wanga hutawanya mwanga kwa namna tofauti, hivyo kipimo kile kile kinaweza kumaanisha idadi mbili zisizofanana kabisa.

Tumia bamba la kuhesabia la Neubauer. Kila mraba mkubwa wa milimita moja kwa moja, wenye kina cha milimita 0.1, una ujazo wa maikrolita 0.1; wastani wa seli katika mraba huo ukizidishwa kwa 10,000 ndio idadi kwa mililita. Hesabu jumla ya seli 400 au zaidi kwa kila sampuli, kwa kuwa kwa idadi hiyo kosa la bahati nasibu hubaki ndani ya asilimia 10 hivi. Tikisa sampuli kwa nguvu ili makundi yaachane, na yasipoachana andika kwamba hayakuachana. Kushikana ni sehemu ya mwitikio. Iodini ya Lugol husaidia kuhifadhi sampuli kwa ajili ya kuhesabu baadaye, ila usiitumie pale unapotaka kuona umbo, maana nayo huinyweesha seli.

Kasi ya ukuaji hupatikana kwa kutoa logariti asilia ya idadi ya mwanzo kutoka ile ya mwisho, kisha kugawanya kwa siku. Tuseme fleski isiyo na chumvi imetoka seli 100,000 hadi 1,600,000 kwa siku tatu. Ongezeko ni mara 16, logariti yake ni 2.77, na kasi ni 0.92 kwa siku, yaani idadi hujirudufu kila baada ya saa 18 hivi. Fleski ya chumvi iliyofika 400,000 imeongezeka mara nne, na kasi yake ni 0.46. Idadi ya mwisho ni robo ya ile ya kwanza, lakini kasi imepungua kwa nusu. Anayeripoti robo ameitia chumvi habari yenyewe. Angalia pia kama mkunjo una kipindi cha kusitasita mwanzoni. Mwani uliosimama siku mbili kisha ukakua kwa kasi ya kawaida umejirekebisha, tofauti na ule uliokua polepole tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kigezo cha kimataifa cha OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) cha kupima sumu kwa mwani, kile cha namba 201, hutaka kundi la kulinganishia liongezeke angalau mara 16 ndani ya saa 72. Ni kipimo kizuri cha kujichunguza: kama fleski zako zisizo na chumvi hazikufika hapo, tatizo liko kwenye taa, lishe au mbegu, na hakuna cha kusema kuhusu chumvi mpaka utakapolitatua.

Hatua ya 7: Pima rangi, na ugawanye kwa seli

Chukua mililita 10, zungusha katika sentrifuji, mwaga maji, na weka ethanoli ya asilimia 95. Ukuta wa Chlorella ni mgumu kutoa rangi, kwa hiyo pasha ethanoli hadi nyuzi 60 katika beseni la maji moto kwa dakika 10, mbali na moto wowote wa wazi, na gizani. Masalia yakibaki ya kijani, rudia. Soma katika nanomita 664.1, 648.6 na 470. Klorofili a, kwa maikrogramu kwa mililita ya ethanoli, ni 13.36 mara kipimo cha 664.1, ukitoa 5.19 mara kipimo cha 648.6. Klorofili b ni 27.43 mara kipimo cha 648.6, ukitoa 8.12 mara kipimo cha 664.1. Karotenoidi ni 1000 mara kipimo cha 470, ukitoa 2.13 mara klorofili a na 97.64 mara klorofili b, vyote vikigawanywa kwa 209.

Toa majibu kwa kila seli, si kwa kila mililita peke yake. Mililita yenye klorofili nusu inaweza kuwa na seli nusu zenye afya tele. Uwiano wa karotenoidi kwa klorofili nao ni wa kuangaliwa, kwa kuwa karotenoidi hulinda dhidi ya oksijeni kali na mara nyingi hubaki wakati klorofili inashuka, ndipo chupa hugeuka kuwa ya manjano. Kuna hata wanaoishi kwa mwitikio huu: wafugaji wa mwani uitwao Haematococcus huweza kuutia chumvi makusudi ili ugeuke mwekundu kwa astazanthini, rangi inayouzwa kwa chakula cha samaki na virutubisho.

Hatua ya 8: Usanisinuru na upumuaji

Mwenye fluorometa, kifaa kinachopima mwanga ambao klorofili huurudisha, aache sampuli gizani dakika 15 hadi 20, kisha apime ufanisi wa juu wa mtambo wa pili wa nuru. Mwani wa kijani wenye afya husoma kati ya 0.6 na 0.75. Kushuka kunakoonekana saa ya kwanza na kupona kufikia saa ya 24 ni dalili ya seli inayojirekebisha.

Asiye na kifaa hicho atumie chupa mbili za kioo zenye vizibo visivyopitisha hewa, moja wazi na nyingine iliyofungwa karatasi ya aluminiamu. Jaza sampuli, pima oksijeni, acha chini ya taa kwa saa moja au mbili, pima tena. Oksijeni iliyoongezeka katika chupa ya wazi, ukijumlisha iliyopungua katika ile ya giza, ni usanisinuru wote. Iliyopungua gizani ni upumuaji. Ingiza kiwango cha chumvi katika kipimo chako cha oksijeni kabla ya kusoma, kwa sababu maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo: kwa nyuzi 25, maji baridi hushika takriban miligramu 8.3 kwa lita na maji ya bahari takriban 6.8. Kipimo kisichorekebishwa kitakuonyesha oksijeni isiyokuwapo.

Hatua ya 9: Prolini, kwa wenye vifaa

Prolini hupimwa kwa kusaga seli katika asidi ya salfosalisiliki ya asilimia 3, kuchemsha kwa saa moja pamoja na ninhidrini na asidi kali ya siki, kutoa rangi nyekundu kwa toluini na kusoma katika nanomita 520. Toluini ina mvuke wenye madhara. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa au iache hatua hii.

Kuna kosa moja linaloharibu matokeo mengi. Usisafishe seli za chumvini kwa maji yaliyochujwa. Zikikutana ghafla na maji matupu hufura na kutema viyeyuko vya kinga katika dakika hizo hizo, nawe utavimwaga pamoja na maji ya kusafishia. Safisha kwa lishe yenye chumvi ile ile. Kwa kupima uzito mkavu, tumia myeyusho wa bikabonati ya amonia wenye nguvu sawa ya osmosisi, ambao huyeyukia hewani tanurini bila kuacha chumvi kwenye karatasi.

Hatua ya 10: Rudisha kwenye maji baridi

Siku ya saba, chukua seli za kila kiwango uziweke katika lishe mpya isiyo na chumvi, zikianza na idadi sawa. Zikianza kugawanyika baada ya siku moja au mbili, chumvi ilizisimamisha tu. Zisipoanza, zilikufa. Rangi ya buluu ya Evans husaidia hapo hapo, kwa kuwa huingia katika seli zilizokufa na kuziacha zilizo hai. Tofauti hii haionekani kabisa katika mkunjo wa ukuaji, ambako aliyekufa na aliyesimama huchora mstari mmoja uliolala.

Hatua ya 11: Kutoka fleski hadi mtoni

Kabla ya kusema lolote kuhusu mto, kumbuka kwamba fleski yako haikuwa na mlaji. Majini kuna wanyama wadogo kama Daphnia wanaokula mwani, na wengi wao huumizwa na viwango vya kloridi ambavyo mwani huvistahimili. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1988 wa kulinda viumbe wa maji baridi kwa muda mrefu uliweka kikomo cha miligramu 230 za kloridi kwa lita, sawa na milimola 6.5 tu, kiasi ambacho Chlorella pengine hata haukitambui. Mlaji akipotea, maji yanaweza kuwa ya kijani zaidi baada ya chumvi kupanda, huku kila seli ikiwa katika taabu. Pia wageni huingia. Katika kiangazi cha mwaka 2022, Mto Oder kati ya Poland na Ujerumani ulipopungua na kujaa chumvi ya viwandani, mwani wa dhahabu Prymnesium parvum, ambao asili yake ni maji ya chumvichumvi, uliongezeka na kutoa sumu iliyoua samaki kwa mamia ya tani.

Jaribio la chumvi iliyowekwa mara moja na kuachwa linafanana na Oder kuliko linavyofanana na Pangani. Katika pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, hivyo seli iliyo karibu na mdomo wa mto hupigwa na chumvi kwa saa sita hivi, kisha hurudishiwa maji baridi kabla haijamaliza kutengeneza viyeyuko vyake vya kinga, na saa sita baadaye huanza upya. Kuiga hali hiyo, weka seli katika lishe ya chumvi kwa saa sita, zizungushe polepole katika sentrifuji, zihamishie lishe baridi kwa saa sita, na uendelee kwa siku tatu, ukiwa na kundi la kulinganishia linalozungushwa na kuhamishwa vivyo hivyo bila kuonja chumvi. Kundi la tatu lipandishiwe chumvi kidogo kidogo, milimola 10 kwa siku, ili uone mwani uliopewa muda wa kuzoea unafika wapi.

Unapochukua sampuli mtoni, andika saa ya maji kujaa na kupwa pamoja na siku ya mwezi mwandamo. Sampuli ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na sampuli ya maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), hata zikichotwa mahali pamoja na saa ile ile ya mchana, zimetoka katika maji mawili tofauti, na zinahitaji safu mbili tofauti katika daftari.